Sala Iliyozibua Mtaro

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioazima! Aliyeinjika chungu apunguze moto, mwenye mtoto ampakate anyamaze, kwa maana leo yasimuliwa habari ya vita vikuu vya mtaro, na ya mjane yule, Bibi Taratibu, Mpole wa Hatua, Mwenye Magoti Sugu kwa Kuomba, aliyelitwaa beleshi kwa mwenye cheo pasipo kuivunja adabu hata ukucha.

Palikuwa na kikundi cha hisani, nacho kikiwafundisha vijana ushonaji katika chumba cha kuazima nyuma ya duka la mchele. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mjukuu wa Bibi Taratibu, binti yatima aliyekaa kibarazani mwaka mzima akitazama wapita njia, asiseme neno. Na siku alipokanyaga cherehani kwa mara ya kwanza, akarudi nyumbani akiimba. Lakini mbele ya chumba kile ulilala mtaro, joka la tope, umeziba koo. Na kila mvua iliponyesha, maji yalivuka kizingiti bila hodi. Mwenye duka alikwisha kuapa: "Sakafu yangu ikilowa tena, nawatoa nyinyi na vyerehani vyenu. Nimechoka kuanika magunia."

Ndipo kikundi kikatangaza vita. Wakashuka asubuhi na fulana mpya zilizonyooka kwa pasi, na bango refu kuliko mtaro wenyewe, na spika mbili zilizonguruma kama simba wenye mafua. Na silaha? Silaha ilikuwa beleshi moja, limefungwa utepe mwekundu shingoni. Mwenyekiti, Simba wa Maikrofoni, Baba wa Hotuba, alilisimamisha kando yake kama mkuki wa mfalme, kwani ilikwisha kuamriwa kwamba mtu asiliguse kabla mgeni rasmi hajalizindua.

Vijana wakainuka, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Walengwa, kaeni!" ikanguruma spika. "Viti vyenu hivyo hapo mbele."

"Lakini Mzee Mwenyekiti," akasema mjukuu wa Bibi, "si maji yanaingia kwetu sisi?"

"Ndiyo maana tumekuja kuwasaidia, binti yangu. Mlengwa akijisaidia mwenyewe, sisi tutaripoti nini?"

Wakaketi. Katibu akapiga makofi, kisha akatazama kushoto na kulia kuona kama yuko peke yake.

Jua likapanda, likajificha. Upande wa juu wa mji likainuka wingu, jeusi kama sufuria ya msibani. Bibi Taratibu, aliyekuwa amepanga viti tangu alfajiri, akalitazama wingu, akamtazama mjukuu wake anayekunja na kukunjua pindo la sketi, akamwendea Mwenyekiti.

"Mwanangu, wingu lile halimngoji mgeni rasmi."

"Subira, mama. Yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Anavaa."

Tone la kwanza likaangukia bango. Bibi akavuta pumzi. "Basi tuombe," akasema. "Jambo kubwa kama hili halianzi kwa spika tupu."

Na nani duniani angekataa sala hadharani? Mwenyekiti akataka kuinua mikono, akaona beleshi linamzuia, akaliegemeza ukutani. Mikono ikainuka. Macho yakafumbwa. Na kwa watu wale, kufumbua jicho kabla ya amina ilikuwa aibu kupita kuvukwa na suruali sokoni.

Bibi Taratibu aliomba kwa moyo wake wote. Ila macho yake yalikuwa wazi. Maana Mola, alijua, huwasikia hata wanaoomba macho wazi. Akasema, "Ee Mwenyezi, uliyegawa maji na nchi kavu," akalishika beleshi. "Tuondolee kila kizuizi!" akalizamisha.

"Amina!" wakaitika.

"Na zaidi ya hayo, Ee Mola!" akaendelea, naye yu ndani ya mtaro, maji magotini. Likatoka kopo, ikatoka kandambili iliyofiwa na mwenzake, yakatoka matope ya miaka, yakarushwa kandoni kama maiti za adui. "Wakumbuke wagonjwa! Wakumbuke wasafiri! Mkumbuke na mgeni rasmi, apate vifungo vyake!"

"Katibu," akanong'ona Mwenyekiti, "ni nini hicho kinachokwaruza?"

"Nimefumba macho, mheshimiwa."

"Fumbua kidogo."

"Anza wewe."

Kisha beleshi likakwama. Chini kabisa, kooni mwa joka, lilikaa godoro, nusu limeoza, nusu kaidi. Bibi akalisukuma, lisitikisike. Pumzi zikamwishia, na sala nayo ikaanza kupungua. Na ikikatika, macho yote yangefumbuka. Hapo akasikia maji yakichapa nyuma yake. Alikuwa mjukuu wake, amekiacha kiti cha mlengwa, kope zimebanwa, mikono inapapasa.

"Bibi, liko wapi?" akanong'ona.

"Utuongoze mkono wa kuume, Ee Mola!" akalia Bibi. "Chini zaidi! Hapo hapo!"

Wakavuta wote wawili. Godoro likatoka kwa sauti ya ng'ombe anayetoa mguu topeni, na maji yakaenda mbio bondeni kama jeshi lililosikia mishahara imefika.

"Amina," akasema Bibi Taratibu.

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mwenyekiti akafumbua macho, akaona mtaro unaotiririka na mjane aliyelowa akimrudishia beleshi kwa mikono miwili, kwa heshima. Utepe ulikuwa bado shingoni, ila rangi yake ilijulikana kwa Mungu tu. Mgeni rasmi alipofika, aliukata vivyo hivyo chini ya mwavuli, akapigwa picha na Mwenyekiti.

Lakini mwenye duka hakuja pichani. Aliingia chumbani, akachutama, akaipapasa sakafu yake kwa kiganja, mwisho huu hadi mwisho ule. Akajifuta mkono usio na unyevu.

"Haya," akasema. "Shoneni."

Basi na ikumbukwe, vizazi kwa vizazi, ya kwamba ngome ya mtaro iliangushwa na mjane na mlengwa mmoja, nchi ikakauka upana wa mikeka minne, na vyerehani vikanguruma na binti akaimba juu ya ngurumo hiyo. Kikao kilichofuata kikapitisha azimio moja tu: sala ya ufunguzi iwe fupi. Bibi Taratibu akaliunga mkono kwa moyo mweupe. Kisha akaombwa kufunga kikao kwa dua, na wote wakainamisha vichwa, ila Mwenyekiti. Yeye alifumba jicho moja.