Pua ya Mashua Yangu na Kombe la Verlene

Jumanne, 23 Aprili
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika vimbunga vinne, mashua tatu, meno yangu yote na, Februari hii, mke wangu Verlene. Alishona matanga ya nusu ya kisiwa hiki. Kamati ya mbio za mashua imetoa kombe jipya lenye jina lake, linashindaniwa Jumamosi. Litakuwa langu. Kisiwa kizima cha Exuma hakuna ashikaye usukani kama mimi. Alpheus Maycock, kaka yake Verlene, anasema litakuwa lake. Maskini shemeji.

Jumatano, 24 Aprili
Mbio za kwanza. Bunduki ikalia, tukavuta nanga, tukapandisha matanga. Nikatangulia, kama kawaida. Kisha tukakabiliana na Alpheus, upepo ukinijia mkono wa kushoto, yeye wa kulia. Sheria inampa njia wa kulia. Lakini sheria haijui mwendo wangu. Akapaza sauti, "Shemeji, njia ni yangu, geuka!" Nikamjibu nitakuwa nimeshapita. Sikupita. Pua yangu ikamgonga ubavuni, na watu wake watatu waliokalia ubao wa nje kusawazisha mashua wakamwagika majini kama viazi.

Watu wangu wakasema tuzungushe mashua mara mbili papo hapo, ndiyo adhabu, kisha tuendelee. Nikawaambia mashua hii ina jina la mke wangu, haitachezeshwa ngoma mbele ya watu. Nikamaliza wa pili. Alpheus akapandisha bendera nyekundu ya malalamiko.

Alhamisi, 25 Aprili
Rangi ya kijani ya Alpheus ilikuwa imebaki kwenye pua yangu. Alfajiri nikaifunika kwa nyeupe. Akili hiyo. Saa nne akaja mwenyekiti wa kamati, Bi Eulease Bullard, aliyekuwa mwalimu. Akaegemea pua ili aitazame. Akainua kiganja cheupe. Akaniuliza, "Bwana Lockhart, mashua yako ina homa? Mbona inatoka jasho?" Watu wote wa gatini wakacheka.

Hukumu: matokeo yangu ya jana yamefutwa. Na kwa ujanja wa rangi, Jumamosi simo. Ila nikiandika kabla ya kesho jioni kwamba kosa lilikuwa langu, nitaruhusiwa.

Mimi, niandike hivyo!

Ijumaa, 26 Aprili
Alpheus kaja na sufuria ya konokono wa baharini waliochemshwa. Kasema amezungumza na Bi Bullard, maneno matatu yanatosha, hata kwa penseli. "Andika, shemeji. Sitaki kushindania kombe bila wewe. Dada atanicheka huko aliko."

Nikamwambia mkono unauma, na kuandika sikujaliwa. Akatazama daftari hili mezani, liko wazi, limejaa. Akafunika sufuria vizuri chakula kisipoe, akaenda zake.

Jioni nilishika penseli. Nikaandika "Kosa". Nikaandika "lilikuwa". Nikachoka.

Jumamosi, 27 Aprili
Nilitazama kutoka gatini. Mashua tisa, na matanga manne ni ya mkono wa Verlene. Nayajua kwa mishono, alikuwa akirudia pembe mara tatu. La Alpheus ni mojawapo. Lilijaa upepo kama Verlene alivyosema litajaa. Langu lilikuwa limekunjwa chini ya miguu yangu.

Alpheus kashinda. Sikupiga makofi. Machoni mlikuwa na chumvi, pale upepo ni mkali.

Magharibi kaja akaliweka kombe kizingitini. Kasema ni la dada yake, likae alikokaa. Nikamwambia sipokei kombe la mtu asiyejua kupisha. Alikuwa ameshafika barabarani.

Jumapili, 28 Aprili
Nimeliweka kombe juu ya cherehani ya Verlene. Si kwamba nimelipokea. Ni kuzuia vumbi tu, cherehani ilikuwa wazi.

Nimefikiri sana kanisani. Mwakani nitamjia kwa kushoto vilevile, ila kwa kasi zaidi. Na rangi nitapaka usiku, si alfajiri, ikauke.

Kosa halikuwa langu. Asiyesadiki amuulize Alpheus Maycock. Ni mwongo, lakini alikuwepo. Wengine walionijua wameshakwisha.