Mpelelezi Asiyeamkia

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Siku kubwa! Bwana Farhan, bosi wangu, leo kafungua boksi la kompyuta pale ofisini kwetu Mwenge, tunapochapa barua za watu na kutoa fotokopi. Mie ndiye niliyemwambia naijua kompyuta. Sijawahi kuigusa. Lakini taipureta naijua, na hivyo vitu ni ndugu.

Nimeamka nimechelewa, shati limekunjamana vibaya. Barazani nikaikuta pasi ya mkaa, bado ya moto. Ya Bi Somoe, mwenye nyumba, nani mwingine? Na mali ya mwenye nyumba ni ya wapangaji wote. Nimenyoosha mkono mmoja wa shati, mkaa ukafa. Nikaifunga pasi kwenye gazeti nikaondoka nayo, mkono wa pili nikamalizia ofisini kwa makaa ya mama maandazi. Nimependeza!

Kompyuta imewaka. Shemeji yake Bwana Farhan, aliyeileta kutoka Dubai, kaacha ndani yake mchezo wa upelelezi. Nimeuangalia kidogo tu, kwa ajili ya kazi. Maoni yangu ya kwanza: mchezo mbovu. Hakuna bunduki, hakuna gari, hakuna hata ngumi moja. Maneno matupu, tena ya Kiingereza! Kuna maiti jikoni kwenye hoteli, na wewe ndiye inspekta. Unamwendea mtu, yanakuja maneno manne ya kumwambia, unabonyeza namba, naye anakujibu. Basi. Kama barua ya posa.

Nimekaa nao mpaka tunafunga.

Feni inarusha karatasi. Nimezikandamiza kwa pasi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefukuzwa kazi. Ndani ya mchezo, lakini imeniuma vilevile.

Kuna bibi mmoja mfagizi wa hoteli, mvi kichwa kizima. Namba moja, msalimie. Mbili, mpe pole. Tatu, muulize alikuwa wapi. Nne, mwambie anadanganya. Sasa mtu aliyelelewa abonyeze nini? Nikabonyeza moja. Akaitika. Nikabonyeza moja tena, maana nilikuwa sijamuuliza habari za nyumbani. Mara sita nimemwamkia! Kisha pole mara tatu, kafiwa yule. Mkuu wa polisi akaniita, akasema inspekta gani anapoteza siku nzima kwa salamu, akanivua cheo. Nageuka nyuma, Bwana Farhan kasimama, kasoma yote. Akauliza barua ya mteja wa saa tano iko wapi. Haikuwepo.

Narudi nyumbani Manzese, uani kumejaa watu. Dada Auleria wa chumba cha tatu kaibiwa pasi. Yeye kazi yake ni kunyoosha nguo za watu, hana nyingine. Aliiacha barazani jana asubuhi, akaenda bombani, kurudi haipo; akadhani kuna aliyeiazima, mpaka leo haijarudi. Na Jumamosi ana majoho thelathini ya kwaya, kuna harusi kanisani. Asipoyanyoosha, kwaya inatafuta mtu mwingine, na kwaya ndiyo inayomlisha yeye na mwanawe. Anasema pasi yenyewe ina jogoo wa chuma pale mbele, na jogoo hana kishungi. Akalia. Auleria akilia mie siwezi kusimama sawasawa.

Nikajikuta natangaza mbele ya wote kwamba nitaipata kabla ya Jumamosi. Kwamba mie upelelezi naujua. Limetoka wapi neno hilo? Auleria akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo tangu nihamie hapa.

Kuhusu ile pasi ya Bi Somoe iliyoko ofisini sikusema kitu. Kesi mbili tofauti, zisichanganywe.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeuelewa mchezo! Bwana Farhan alikwenda Kariakoo kutafuta wino, nikaanza upya. Safari hii nilimbonyezea yule bibi namba nne. Astaghfirullah. Bibi akatetemeka, akalia, akatoa ufunguo kwenye aproni! Siku mbili nampa pole, kumbe alikuwa anataka kuitwa mwongo.

Maoni ya pili: mchezo mzuri sana. Una elimu. Ukimwamkia mtu anakuficha. Usipomwamkia anababaika, na akibabaika anasema. Kwa nini shuleni hawakutufundisha hili?

Nimekata kipande cha boksi la kompyuta nikaandika maswali yangu manne kwa wino mweusi. Nilipokuwa naandika, jogoo wa pasi ya Bi Somoe alikuwa ananitazama pale juu ya karatasi. Naye hana kishungi. Naona pasi za siku hizi zote hivyo hivyo, viwanda vinalipua kazi.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijui niandikeje.

Nilianza na Bi Somoe. Nikamuuliza kwa ukali alikuwa wapi Jumatatu asubuhi. Akaniuliza nimekunywa nini. Nikaandika: shahidi anakwepa.

Kisha Mzee Leodegar. Huyu ni fundi viatu mstaafu, kamzidi umri marehemu baba yangu, anaishi peke yake chumba cha mwisho. Kila alfajiri anawasha mkaa apike uji wake. Mkaa! Na vidole vyake vina majivu. Ushahidi gani tena?

Nilimkuta kakaa mlangoni na bakuli lake. Sikumwamkia. Miaka miwili sijapita mbele ya yule mzee bila shikamoo, leo nimesimama mikono mfukoni kama mtu aliyeota pembe. Akasubiri. Nikaona anasubiri. Nikaenda moja kwa moja namba nne, nikamwambia anadanganya. Hata hakuwa amesema kitu bado.

Akaniomba nirudie, masikio yake siku hizi mazito. Nikarudia kwa sauti. Nikaongeza kwamba pasi kaiba yeye. Ua mzima ukasikia.

Kwenye mchezo hapo mtu analia na kutoa ufunguo. Mzee Leodegar aliweka bakuli chini, akainuka kwa kushika mwimo, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Baadaye tukasikia sanduku linaburutwa. Bi Somoe alipokwenda kumbembeleza, mzee akamwambia Jumapili anahamia kwa mpwa wake Mabibo, hawezi kulala kwenye nyumba alimoitwa mwizi na mtoto.

Auleria akaniuliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia.

Ijumaa, 6 Septemba

Yarabi nistiri.

Mchana, nimetoka kuswali, ofisini niko peke yangu. Mchezo unakaribia mwisho. Nimepekua meza za watu wote hotelini, sijapata kitu. Mkuu wa polisi akaniambia kuna meza moja sijaigusa, ya kwangu mwenyewe. Nikafungua droo ya inspekta, na kitu nilichokuwa nakitafuta kimelala humo tangu siku ya kwanza! Nimecheka mpaka machozi. Inspekta mzima, mjinga kiasi hicho!

Nikainua pasi nichukue karatasi ya kaboni.

Majivu yakamwagika mezani. Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama. Nikaigeuza. Kwenye mpini wa mti mtu kachoma herufi saba kwa msumari wa moto. AULERIA. Siku tano nimeiwekea kiwiko.

Masikio yaliwaka moto. Nilikaa chini ya meza kidogo, nikijisingizia natafuta waya. Mwizi ni mie. Na mzee wa watu anafunga sanduku.

Mtu mwenye haya angekwenda kusema. Nimefanya mazoezi ya kusema njia nzima kutoka Mwenge, kwa sauti, watu wananigeukia. Nimefika mlangoni, nikaona bora nifikiri kwanza. Pasi nimeificha uvunguni.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimefikiri. Nimefikiri vibaya.

Baada ya sala ya alfajiri nikatoka na pasi kupitia uchochoro wa nyuma, nikaingia tena kwa mlango wa mbele huku nahema. Nikasema nimemfukuzia mwizi mpaka sokoni Mabibo. Jitu refu, lina kovu. Tumepigana kati ya matenga ya nyanya. Shati nilishalichana mwenyewe.

Vigelegele! Bi Somoe akanimwagia marashi. Auleria akaipokea pasi kwa mikono miwili, akawasha mkaa palepale, na kufikia saa sita majoho yote thelathini yananing'inia uani, meupe. Akanipikia ndizi na nyama.

Nilipokuwa nakula akaja Mzee Leodegar. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kumsafisha jina. Akasema alikuwa amekasirika, lakini kijana anayetafuta haki wakati mwingine hukosea mlango, nimsamehe kwa kutaka kuhama. Nimsamehe! Mie! Nikatazama vidole vya miguu yangu. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, hata mtoto angejua.

Nikaomba ndizi nyingine.

Jumapili, 8 Septemba

Bwana Farhan hajawahi kufika kwangu tangu aniajiri. Leo kafika. Wote tuko barazani, Auleria anamimina chai, mie nasimulia kwa mara ya nne, jitu sasa lina kisu. Bwana Farhan akatoa salamu, akasema samahani kwa usumbufu, kapita ofisini kuchukua faili, kawasha feni, karatasi zote zimetapakaa. Akauliza ile pasi niliyokuja nayo Jumatatu nimeipeleka wapi.

Nikapuliza chai yangu.

Mwenyewe akaiona miguuni pa Auleria. Akafurahi. Akasema ndiyo hiyo hiyo, ya jogoo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Somoe akasema loo. Auleria akachukua kikombe mkononi mwangu, chai ikiwa nusu, akaimwaga uani. Akasema angeniazima hata mwaka mzima, ningeomba tu. Akaingia ndani na pasi yake.

Akabaki Mzee Leodegar. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, kwa kuwa sikupata neno jingine. Akasema kuitwa mwizi kulikwisha tangu jana, hilo kalisahau. Ila Alhamisi nilisimama mbele yake na sikumwamkia, na alidhani labda amekufa na hajajijua. Kisha akaitika marahaba, akaenda zake kupika uji.

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimeapa sitapeleleza tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefungua daftari hili pale nilipoweka kitana changu asubuhi kama alama, ili niandike kwamba mie sasa ni mtu mpya. Nimewahi kazini. Nimechapa barua tisa. Mchezo nimeucheza kidogo tu, wakati wa chai, na jioni, na nilipotumwa bahasha sikwenda.

Nimerudi, nimeoga, nataka kuchana nywele. Kitana hakipo! Nimepekua chumba kizima. Asubuhi nilikuwa nacho barazani, na mtu aliyepita barazani ni Mzee Leodegar peke yake.

Kipande cha boksi ninacho bado. Lakini mie si mtu wa kurudia kosa. Safari hii nitaanza na shikamoo, nitamwacha aitike, halafu ndiyo nimuulize kwa nini kaiba.