Shilingi Hamsini na Nne Zinazonuka Papa

Shilingi hamsini na nne. Hiyo ndiyo gharama ya aibu niliyoipata leo, na sikupunguziwa hata senti tano. Mnanijua. Nilijaribu.

Mbwana, Juma, na jamaa wote mliobaki sokoni Lunga Lunga, nawaandikia kabla ya magharibi, aibu ikiwa bado moto. Atakayesoma kwa sauti asisimame karibu na wauza papa.

Leo nimeanza kazi ya ofisi. Ndiyo, mimi Hamisi wa Mwabungo, muuza papa wenu, nimekalia kiti chenye mgongo katika chama cha ushirika cha wakulima wa mbata za nazi hapa Msambweni. Karani wao, Bwana Rozario, ni Mhindi wa Goa, mtu mzima anayevaa tai hata jua likiwa la utosi, naye anaondoka kwenda kukaa na wanawe. Tangu bendera ibadilishwe, kamati inasema kiti hicho akikalie mtoto wa hapa. Mtoto wa hapa aliyesomea hesabu za vitabu hakupatikana. Basi wakatafuta mtu aliyemaliza darasa la nane na asiyeweza kuibiwa chenji. Wakaniona mimi. Mwezi mmoja wa kujaribiwa, kwa nusu mshahara. (Nilianzia robo tatu. Tukakutana kwenye nusu na chai ya saa nne.)

Hesabu za kichwa nazijua. Kila kitu nakihesabu mara mbili, na nyinyi mmekwisha kunichukia kwa hilo. Lakini hesabu za vitabu sikuwa nazijua hata chembe. Nilidhani karani ni mtu anayehesabu pesa akiwa ameketi.

Na huko kuketi ndiko kulikonipeleka. Mnamkumbuka Mzee Kassim, babake Mwanaidi. Nilipopeleka posa alinisikiliza vizuri, akanywa kahawa, kisha akasema, "Binti yangu simuozi mtu wa kikapu. Niletee mtu wa kiti."

"Na kilemba chako cha kumuoza binti, mzee?"

"Shilingi sitini."

"Arubaini, mzee, nami nakuongeza heshima."

"Kilemba cha baba hakiuzwi mnadani, Hamisi."

Sitini ikabaki sitini. Leo baada ya swala ya isha ndipo nilipotakiwa kumpelekea, nikiwa mtu wa kiti tayari. Kwa hiyo asubuhi nilitoka nyumbani na kilemba chake mfukoni mwa shati: noti mbili za ishirini, moja ya kumi, na sarafu kumi za shilingi. Pesa hizo zilikuwa zimekaa miezi chini ya kikapu changu cha papa, mahali ambapo hakuna mwizi mwenye pua anayetia mkono. Jambo moja sikuwaambia, na ndilo zito: Mzee Kassim ndiye mweka hazina wa chama hicho hicho. Nikiharibu kazi, naharibu mbele ya mkwe.

Saa mbili nikafika. Bwana Rozario akanifungulia daftari la fedha, jeusi, zito kama mlango.

"Ukurasa wa kushoto, pesa zinazoingia. Ukurasa wa kulia, pesa zinazotoka. Umeelewa?"

Nikamwambia kwa adabu kwamba kwetu mtu hapokei kitu kwa mkono wa kushoto.

Akanisogezea kalamu. "Daftari si mtu, Hamisi. Halina haya."

Kazi ilikuwa hivi. Mkulima anakuja na mbata zake, Bwana Rozario anazipima kwenye mizani uani na kumwandikia hati ya malipo. Mkulima anakuja nayo dirishani kwangu. Mimi nalipa kutoka kwenye sanduku, anatia dole gumba, naiandika hati ile daftarini. Rahisi. Mkulima wa kwanza, wa pili, nikalipa vizuri. Nikaanza kujisikia. Nikanyoosha mgongo ili wanaopita barabarani wakione kiti.

Akaja Mama Mwanasha, yule mjane, na hati ya shilingi themanini na mbili. Hapo mazoea yakanishika. Midomo ilinitangulia.

"Mama, themanini tumalize?"

Yule mama akacheka, akaninyooshea kidole. "Ewe mtoto, umehamia ofisini na soko lako?"

Bwana Rozario akasikia kule uani. Akaja mpaka mlangoni na jiwe la mizani mkononi. "Hapa hakuna bei, Hamisi. Kilichoandikwa ndicho kinacholipwa."

Nikaona haya. Nikamhesabia Mama Mwanasha themanini na mbili kamili, mara mbili, akatia dole gumba, akaondoka kupanda gari kwenda kwa bintiye Vanga. Nami nikiwa bado nimeinamisha kichwa, masikio yakiwaka, nikaiandika hati yake daftarini. Nilihesabu mara mbili. Niliandika mara moja. Shikeni hapo.

Saa sita Bwana Rozario akavaa koti. Alikuwa na shughuli Kwale kwa wakubwa. Akaniachia ufunguo wa sanduku na maagizo: "Jumlisha daftari. Hesabu sanduku. Zikipishana, andika tofauti kwa penseli, uniachie mimi. Nitarudi saa kumi pamoja na mweka hazina na wenzake wawili wa kamati."

Akaenda. Nikajumlisha daftari. Nikahesabu sanduku. Sanduku limepungua shilingi hamsini na nne.

Nikahesabu tena. Hamsini na nne. Nikainua sanduku nikalipapasa chini. Nikapekua droo, nikatikisa zulia, nikajipekua mwenyewe (mfukoni nikakuta kilemba cha watu, basi). Hamsini na nne.

Sasa niwaulize nyinyi. Sisi sokoni tumezoea nini? Mkioanisha mauzo na pesa zikapungua, nani anafidia? Aliyekalia mfuko. Hasemi neno, anatoa zake, mambo yanakwisha, na kesho mnamwachia mfuko tena. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Karani ameniambia niandike tofauti kwa penseli. Yaani siku ya kwanza, saa ya kwanza ya kuachiwa ufunguo, niandike kwa mkono wangu kwamba pesa za wakulima zimepotea mikononi mwangu, kisha nimpe Mzee Kassim asome? Kwa penseli?

Nikatoa noti zangu tatu. Nikatoa sarafu nne. Nikazitia sandukuni huku nikizitazama kama mtu anayemsindikiza ndugu safarini. Nikahesabu. Sawasawa. Nikahesabu tena. Sawasawa. Nikafunga, nikanywa chai ya saa nne niliyokuwa nimeiweka, nikasema moyoni: uhasibu huu nimeuweza, ila ni ghali.

Saa kumi wakaingia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Mzee Kassim akaniona kwenye kiti, uso wake ukafunguka kidogo. Wale wenzake wawili wakaketi kwenye benchi. Nikamkabidhi Bwana Rozario daftari na sanduku kama mtu anayetoa mahari ya mfalme.

"Sawasawa, bwana. Mpaka senti."

Yeye hakulifungua daftari. Kumbe kuna njia nyingine. Alichukua zile hati zenyewe, moja moja, akazijumlisha kwenye karatasi. Akahesabu sanduku. Akavua miwani.

"Kuna ziada ya shilingi hamsini na nne."

Jamani, nilifurahi. "Ziada? Basi chama kimepata faida."

Hakuna aliyecheka. Bwana Rozario akasema polepole, "Ziada ni mbaya kuliko upungufu, Hamisi. Upungufu, huenda karani amepoteza. Ziada, huenda kuna mkulima hakupewa haki yake."

Kisha ndipo akalifungua daftari. Kidole chake kikashuka ukurasa wa kulia, kikasimama. "Mama Mwanasha. Hati inasema themanini na mbili. Daftari, mwandiko wako, linasema ishirini na nane." Akaniangalia. "Hamsini na nne zilizobaki ziko sandukuni."

Mnaona ilivyokaa? Ilikaa vizuri kuliko ukweli. Mama hajui kusoma. Dole gumba ametia. Amepewa ishirini na nane, na zake zilizobaki bado zimo sandukuni, zinamngoja mwizi apate nafasi. Na mwizi amekaa kwenye kiti chenye mgongo.

"Nilimsikia asubuhi," Bwana Rozario akasema kwa masikitiko, "akimwomba yule mama apunguze."

Mzee Kassim akageuka. "Ulimwomba Mama Mwanasha apunguze?"

"Shilingi mbili tu, mzee. Kwa mazoea."

"Na baadaye?"

Nikawaambia. Kwamba nililipa zote, kwamba nilipokuta pungufu nilitoa zangu nikatia. Mmoja wa wale wa kwenye benchi, Bwana Mwinyi, akasafisha koo.

"Wewe? Wewe uliyenifuata mpaka msikitini kwa senti kumi ya pweza, ulitoa shilingi hamsini na nne bila kuulizwa?"

(Sifa niliyoijenga miaka sita, leo imegeuka shahidi wa upande wa pili.)

"Aitwe Mama Mwanasha," nikasema.

"Yuko Vanga mpaka keshokutwa," Bwana Rozario akajibu. "Na mimi sanduku silifungi na swali ndani yake."

Mzee Kassim hakunitazama tena. Alikuwa anautazama mkongojo wake, na nikajua anachokihesabu. Hapo nikasahau aibu. Mtu akiniita bahili nacheka. Mwizi wa mjane, hapana.

Nikasema, "Zinuseni."

"Tunuse nini?"

"Noti. Zangu zilikaa kwenye kikapu cha papa. Za chama zinanuka mbata. Noti mbili za ishirini na moja ya kumi. Zinuseni zote, mnitajie."

Ndugu zangu, sitaisahau picha hiyo. Watu wazima watatu, wajumbe wa kamati, na Mgoa mwenye tai, wamezunguka meza, wananusa noti moja moja na kupokezana. Mlangoni wakajaa wakulima waliokuja kuulizia bei. Mmoja akauliza wenzake, "Hiyo ndiyo hesabu mpya?" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, wanatafuta ya bandia."

Bwana Mwinyi akaipata ya kwanza. Akakirudisha nyuma kichwa kama aliyepigwa kofi. "Hii." Akapata ya pili. Ile ya kumi ikamwangukia Bwana Rozario. Akainusa, akatoa leso, akaiweka kando kwa ncha za vidole, na macho yakamtoka maji. Noti zilizobaki zote zilikuwa na harufu ya moshi wa mbata, safi kabisa.

"Hamsini zimethibitika," akasema akijifuta. "Sarafu nne hazinuki."

"Tukubaliane mbili," nikasema. Jamani, sikuweza kujizuia.

Na hapo Mzee Kassim akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Wakacheka wote, dirishani, mlangoni, mpaka barabarani, na nina hakika Mwanaidi amekwisha kusikia, kwa sababu nilipopita kwao na baiskeli kuna mtu nyuma ya pazia alikohoa kwa namna ya kukusudia.

Bwana Rozario alipotulia akanionyesha kosa langu. Akagawanya hamsini na nne kwa tisa. Ikagawika bila kubaki. "Tofauti ikigawika kwa tisa, kwanza tafuta tarakimu zilizopinduka. Themanini na mbili, ishirini na nane. Ungeandika kwa penseli nilivyokwambia, ningeliona kabla sijavua koti." Kisha akasema maneno ambayo nayaandika hapa bila kuongeza: "Nimefundisha vijana wengi. Waliochukua kutoka sandukuni nimewaona. Aliyetia, wewe ndiye wa kwanza. Kesho saa mbili, na uje na penseli."

Kesho saa mbili! Kiti ni changu bado. Alhamdulillahi. Ninakiri nimeipiga kengele ya baiskeli njia nzima mpaka Mwabungo bila kuona mtu wa kumpisha.

Sasa shida. Nilinyoosha mkono nichukue noti zangu, Bwana Rozario akafunga sanduku.

"Pesa haitoki bila hati, Hamisi. Hati inataka jina, inataka ilipwe kwa ajili ya nini, na inataka sahihi ya mweka hazina."

Nikamgeukia Mzee Kassim. Akarudi nyuma hatua moja. "Hicho ni kilemba changu, sivyo? Nitie sahihi nijilipe kilemba changu kutoka sanduku la wakulima, mbele ya watu wote hawa? Ngoja kikao cha kamati."

"Kikao ni mwezi ujao, mzee. Na usiku huu?"

"Usiku huu usije. Kiti nimekiona, nimeridhika. Kilemba sijakipokea."

"Lakini umekinusa."

"Kunusa si kupokea. Nakupa mpaka Ijumaa."

Basi, Mbwana, Juma, shauri lenu nalitaka kwa mambo mawili. La kwanza, niandike nini pale penye "kwa ajili ya nini"? Nilipendekeza tuandike ujinga. Bwana Rozario akasema daftari halina safu hiyo, na lingekuwa nayo lingekwisha kujaa. La pili ni la haraka: mnikopeshe hamsini na nne, mzitume kwa gari la Alhamisi, nimuoe Mwanaidi nikiwa bado mtu wa kiti. Msiniambie arubaini, sina nafasi ya kuvutana. Mkitaka hati ya deni nitaiandika mimi mwenyewe, kwa wino, nami nitaisoma mara mbili kabla ya kuitia sahihi. Chini yake nitaandika: Karani.