Kuhusu Ushauri Wenu Kwamba Kamera Yangu Bado Inatosha

Krastyo Pamukov,
Mwalimu Mstaafu wa Hisabati,
Mtaa wa Mjozi Na. 14,
Dolno Vrabchevo.
11 Novemba

Mhariri,
Jarida la Mpiga Picha wa Nyumbani,
Sofia.

Ndugu Mhariri,

YAH: MADHARA YA UKURASA WA 32

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima hapo jaridani, kuanzia wewe hadi mama anayepokea simu. Yule bwana anayeandika safu ya "Nibadili au Nisibadili?" namtakia uzima pia, ila wa kiasi.

Nimelisoma jarida lenu kwa miaka kumi na tisa bila kulalamika. Hata mlipochapisha picha ya korongo miguu juu nilinyamaza, nikaligeuza jarida, nikaendelea kusoma. Safari hii maji yamenifika shingoni. Katika toleo la Septemba mliandika hivi: "Mpiga picha wa ridhaa asiyechapisha picha kubwa kuliko karatasi ya A4 hana haja ya kununua kamera mpya. Aliyo nayo inatosha kabisa." Mke wangu, Zdravka, aliikata sentensi hiyo kwa mkasi wa kucha akaibandika kwenye mlango wa friji. Alikuwa mfamasia kwa miaka thelathini na minne, na kwake yeye kilichochapishwa hakina mjadala. Hata ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kikohozi huisoma mpaka mwisho.

Ombi langu ni dogo. Naomba katika toleo la Desemba mchapishe sentensi moja ya kuikanusha hiyo. Msipofanya hivyo itanibidi nimpige picha mke wangu, jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka minne kwa ujanja na kwa jasho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeitaja karatasi ya A4 kana kwamba ni kipimo cha mchezo. Hapa kwetu hakuna mtu anayechapisha maua kwenye A4. Hakuna anayechapisha machweo. Picha ikichapishwa kwa ukubwa huo ina kazi moja tu, nanyi mnaijua: tanzia. Mtu akifariki, uso wake unabandikwa kwenye geti la nyumbani, kwenye miti iliyo mbele ya kanisa, kwenye mlango wa duka la mikate na kituo cha basi. Zikitimia siku arobaini anabandikwa tena. Halafu miezi sita, halafu mwaka, halafu kila mwaka mpaka watoto wake wachoke au gundi iwaishie. Kwa hiyo mliposema kamera yangu inatosha kwa A4, mji mzima ulielewa inatosha kwa nini. Ninyi peke yenu ndio hamkuelewa.

2. Kamera yenyewe ina rekodi. Ni nyeusi, nzito, ina umri wa miaka kumi na sita, na mkanda wake umeungwa na Zdravka kwa kamba ya aproni. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kamera katika chama chetu cha wastaafu, wazee hunijia wapigwe picha nzuri ya kuweka akiba. Nimewapiga watu thelathini na mmoja, wote pale kwenye dirisha la ukumbi, mwanga ukitokea kushoto. Hadi leo hii kumi na tisa wako kwenye miti. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na minane, Ndugu Mhariri, na hiyo ni asilimia sitini na moja na ushee. Sina chombo kingine chochote nyumbani chenye asilimia ya namna hiyo, na pasi yetu iliwahi kuunguza pazia.

Nilipomwonyesha Zdravka hesabu hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "We Krastyo, Bibi Stoyanka alikuwa na miaka tisini na minne! Ulitaka kamera imfanyeje, imzae upya?" Nilimjibu kwamba kamera nyingine isingekuwa na haraka.

3. Mtasema, basi waache kuja. Hawawezi kuacha, kwa sababu kamera hii ina tabia ya kulainisha. Mzee Rangel, fundi bomba, mtu aliyekuwa na sura ya ugomvi tangu ubatizo wake, kwenye picha yangu alitoka kama askofu. Mjane wake husimama kituoni akamsalimia kila asubuhi, na dereva wa basi humsubiri amalize. Mambo kama hayo yanasambaa. Wiki moja baada ya mazishi, Bibi Ginka alinijia na nywele zilizotengenezwa mjini Plovdiv, akaniambia, "Mwalimu, nipige kama Rangel. Mimi si mbaya kuliko yule." Nilimpiga. Pasaka hakuiona. Alitoka vizuri mno, hata abiria wawili wa mji wa jirani walichungulia dirishani mwa basi wakauliza kama ana mume.

Upande wa pili wako wanaonikimbia. Dimcho muuza nyama akiniona na mkoba wa kamera huvuka barabara, tena pasipo na kivuko, na hunipigia kelele kutoka ng'ambo: "Mwalimu, lenga bata! Mimi bado nina nguruwe wa kuchinja Krismasi!" Watu hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu Dimcho na mimi tulikuwa tukicheza sataranji kila Alhamisi, na sasa hachezi nami mpaka kwanza nigeuze mifuko.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Katika droo ya chini ya kabati letu, Zdravka amejiandalia safari yake, kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Kuna gauni la buluu iliyoiva. Kuna viatu ambavyo havijakanyaga ardhi. Kuna mishumaa, kuna taulo za watakaombeba, na kuna orodha fupi ya watu wasioruhusiwa kupika ngano ya matanga, ambayo ina jina moja, la wifi yake, anayezidisha sukari. Haumwi. Ana miaka sabini na sita na juzi amelisukuma pipa la kabichi ya kuchachusha kutoka uani hadi stoo, mimi nikiwa nimeshika mlango. Lakini kila akifungua droo ile hufuta vumbi, hupanga, halafu huniambia kwa sauti ile ile ya kuniagiza mkate, "Krastyo, kila kitu kiko tayari. Bado picha tu."

Bado picha tu! Ndugu Mhariri, huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kutoka nyumbani kitu kikiwa kimepungua mkobani. Mwaka tuliooana alitushusha kwenye treni ya fungate kwa sababu alikuwa amesahau leso. Tulirudi, tukachukua leso, tukaondoka kesho yake. Mimi nimekaa naye miaka hamsini na moja na ninaijua kanuni: kikipungua kitu, haondoki. Kilichopungua ni picha. Hesabu iliyobaki hata wanafunzi wangu wa darasa la tano wangeweza kuimaliza.

Ndiyo maana nilimwambia kwamba kamera hii imezeeka na sitaki kumpiga ovyo, tungoje mpya. Nikaanza kuamua ninunue ipi. Nimekuwa nikiamua kwa miaka minne. Nimesoma kila jaribio mlilochapisha, nimepiga mistari, nimechora majedwali, na kila nilipokaribia kuchagua, ninyi wenyewe mliandika kwamba nyingine bora zaidi iko njiani. Mungu awabariki kwa hilo. Mlikuwa mnaniokoa bila kujua, mwezi baada ya mwezi, mpaka Septemba mlipoamua kuwa wakweli.

5. Tangu siku hiyo siwezi kufungua friji kuchukua mtindi bila kuisoma sentensi yenu. Nakula kifungua kinywa na huyo bwana wenu kila siku. Nimepungua kilo mbili.

6. Mwezi uliopita Zdravka alichoka na majedwali yangu. Alivaa koti, akasema, "Kama hiyo yako mbovu, haya, twende tukanunue nyingine, tumalize." Tukaenda Plovdiv. Muuzaji akanipa kamera mpya kabisa, nyepesi, ambayo alisema inatambua yenyewe jicho la binadamu, la ndege, la mbwa, na la treni. Nilimsimamisha Zdravka nje ya duka, nikamwelekezea. Kile kisanduku cha kijani kinachotafuta macho kwenye kioo cha kamera kilimgusa shavuni, kikasita, kikampita, kikaenda kutulia kwenye tanzia iliyobandikwa nguzo ya umeme nyuma yake, juu ya jicho la marehemu fundi cherehani mmoja aliyefariki mwezi Mei. Nikasogea kushoto. Kikarudi kwa fundi cherehani. Nikapiga magoti, mtu mzima wa miaka sabini na minane, katikati ya wapita njia. Kikabaki kwa fundi cherehani. Nilipomuuliza muuzaji, alisema bila aibu, "Inachagua uso uliotulia, mzee."

Mnaona sasa hali ilivyo. Ya zamani inawapeleka watu nguzoni, na mpya inawafuata huko huko. Kwa hiyo mimi nahitaji iliyo mpya kuliko hiyo mpya. Muuzaji alisema itatoka majira ya kuchipua, nikamwambia tutasubiri. Zdravka alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watu waliotaka dawa bila cheti cha daktari. Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya friji na kukinyooshea kidole kile kipande chenu cha karatasi.

7. Ili nisiwasumbue, sentensi nimeshawaandikia. Mnaweza kuichapisha kama ilivyo, hata kwa herufi ndogo, mradi iwe kwenye karatasi: "Tumekosea. Hakuna kamera iliyopo, ya zamani wala mpya, inayotosha kumpiga picha Zdravka Pamukova. Asubiri." Najua mtasema si kawaida ya jarida kutaja majina ya watu. Si kawaida pia kwa jarida la picha kumweka mtu katika hali niliyo nayo. Nasema wazi: nampenda mke wangu, na sitaki kujua ni mti upi mbele ya kanisa utakaopewa uso wake. Kila nikipita pale nakuta mmoja wa pembeni, wenye kivuli kizuri, ambao bado hauna mtu, na nimeanza kuuchukia mti usio na kosa.

Naamini mtalipa uzito ombi hili. Wasalimieni wachapaji, wasambazaji, mama wa simu, na nyote mnaopiga picha Jumapili badala ya kupumzika. Mwandishi wa safu naye asalimiwe, kwa kile kile kiasi cha awali. Zdravka anawasalimu sana, akidhani nawaandikia ili mnitumie jarida kwa mwaka mwingine.

Ni mimi, msomaji wenu ninayewalaumu kwa heshima zote,
Krastyo Pamukov

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha. Niliinuka kutafuta gundi, na niliporudi jikoni Zdravka alikuwa ameshaisoma barua yote, pamoja na habari za wifi yake. Aliniambia nikae dirishani niendelee na bahasha yangu. Mimi nikakaa, miwani kipajini, ulimi nje nikilamba stempu, nikasikia mlio ninaoujua. Alikuwa ameishika kamera, yeye ambaye kwa miaka kumi na sita hakuigusa ila kuipangusa na kuunga mkanda wake. Ameenda nayo kwenye ukumbi wa chama, wamemchapishia, amerudi na A4.

Mimi ni mtu wa hesabu na siwezi kudanganya: kamera inatosha. Inatosha kabisa. Nimetoka vizuri kuliko nilivyo, hata ulimi una heshima zake. Nimeitazama picha ile mpaka chai ikapoa, maana sikujua kwamba hivyo ndivyo ninavyoonekana ukiwa umesimama upande wake wa meza. Ameiweka kwenye droo ya chini, upande wangu, ambako hapakuwa na kitu, akasema, "Haya, bwana mkubwa. Sasa uko mbele yangu kwenye foleni. Umefurahi?"

Nimefurahi, Ndugu Mhariri. Ndicho nilichokuwa nakitaka miaka yote minne, ila sikujua kama kinawezekana kwa kamera niliyo nayo. Basi msichapishe ile sentensi yangu, na mwandishi wa safu apewe afya yake kamili.

Anasema kesho asubuhi, jua likiingia jikoni, ni zamu yake, na mimi nimemkubalia. Bahati mbaya betri haionekani. Nimeiweka chini kabisa ya pipa la kabichi, ambalo halifunguliwi kabla mimi mwenyewe sijasema kabichi imeiva. Tafadhali kwa muda huu msiandike chochote kuhusu betri.