Majani Niliyopambia Meza ya Krismasi

Jamani, nimejiaibisha. Tena si mbele ya watu baki. Ni mbele ya wakwe zangu, sikukuu ya Krismasi, kabla watu hawajanawa hata mikono!

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba yao huku Kikwe, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, najifanya nasugua sufuria. (Sufuria ni moja, na imetakata tangu dakika ishirini zilizopita.)

Kwa wasiojua, mimi ni mtu wa Masasi, kule kusini. Mume wangu Elisante ni Mmeru. Tumeoana mwezi wa nane, tunaishi Arusha mjini, na hii ni Krismasi yangu ya kwanza ukweni. Nilikuja nimejipanga. Nilitaka mama mkwe aseme, "Hapa tumepata."

Asubuhi baba mkwe na Elisante wakaenda ibadani. Mama akabaki na ndizi zake kwenye jiko la nje. Akaniita.

"Mwanangu, leo anakuja kaka yake baba yako. Anakuja kukuona wewe. Pamba meza ipendeze, ila usihangaike. Vitu vya hapa hapa shambani vinatosha."

Huyo kaka ni Baba Mkubwa Zakaria. Elisante alishanidokeza kwamba yeye na baba hawajasemeshana miaka sita, ingawa mashamba yao yamepakana. Wakikutana, wanaongea kupitia mtu wa tatu. "Mwambie huyo ng'ombe wake kaingia kwangu," na huyo amesimama hapo hapo anasikia! Nikauliza sababu. Elisante akasema, "Mambo ya shamba," akabadilisha mada. (Ningembana. Kwa nini sikumbana?)

Basi, nikachukua kisu na panga nikaingia shambani. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, kila kitu kijani, kinang'aa. Nikakata jani refu la mgomba, nikaliosha, nikalitandika katikati ya meza. Nikatawanya juu yake maua mekundu ya mkrismasi. Nikachuma vitawi vya kahawa vyenye buni zilizoiva, nikaviweka pembeni. Meza ikaanza kuongea.

Lakini nikaona kuna kitu kinapungua. Nikarudi. Nyuma ya migomba nikakuta vimimea vimesimama kwa mstari, majani marefu, membamba, yamechongoka kama mkuki. Vizuri ajabu! Mjini nimeviona kwenye bustani za hoteli. Nikajiuliza, mbona hawa wamevificha huku nyuma ambako hakuna anayeviona? (Naomba mkumbuke kwamba nilijiuliza. Sikuwa mjinga kabisa.)

Vikubwa nikavikata na panga. Vidogo vitatu, udongo ulivyokuwa umelowa, vikatoka na mizizi yake. Nikaona sawa tu, nikarudishia udongo, nikasawazisha na mguu pasibaki mashimo. Mimi ni mtu msafi.

Mashina nikayasimamisha kwenye jagi la maji. Halafu nikakumbuka video moja niliyoiona mtandaoni. Kila kijiko na uma nikavifungia kwenye tishu, nikazungushia jani moja, nikapiga fundo zuri. Sahani tano, mafundo matano. La mgeni nikalifanya kubwa kuliko yote.

Saa saba Baba Mkubwa akafika pamoja na Elisante. Baba alikuwa ametangulia kurudi, akapitiliza chumbani kuvua koti. Mama bado jikoni.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba mwanangu, hujam..."

Ameiona meza. Akavua kofia. Akaisogelea sahani yake polepole, akaliangalia lile fundo, akaniangalia mimi, akaliangalia tena. Moyoni nikasema, mzee kapendezwa!

"Hili nani kaliweka?"

"Mimi, Baba Mkubwa. Ni kwa ajili yako. La kwako nimelifanya kubwa."

"Nani kakutuma?"

Nikataka kuonekana mnyenyekevu, nisijisifu peke yangu. Nikajibu, "Ni baba na mama. Wao ndio waliotaka iwe hivi."

"Baba? Huyu baba yako wa humu ndani?"

"Ndiyo."

Mzee akatoa leso akafuta macho. Nikamgeukia Elisante anisaidie kuelewa. Elisante alikuwa amekodoa macho kwenye jagi kama kaona nyoka.

Hapo baba akatoka chumbani. Akaona sahani yake, fundo juu. Akamwona kaka yake analia. Akasimama wima. Kabla hajafungua mdomo, Baba Mkubwa akamfuata na kumkumbatia!

"Yameisha, mdogo wangu. Nimekubali. Yameisha."

Na baba naye akasema, "Na mimi nimekubali, kaka."

Miaka sita! Mimi nikapiga makofi. Nikatoa na simu, nikapiga picha. Nikasema moyoni, kumbe meza ikipambwa vizuri inagusa watu hivi! Nikawaza hata kuanza kupamba harusi.

Wakakaa. Baba Mkubwa akalishika jani lake. "Nilijua ipo siku utakuja kuniomba msamaha."

Baba akaacha kutabasamu. "Mimi? Si wewe uliyeniletea?"

"Nimeleta nini? Nimekuja mikono mitupu!"

"Na hili lililopo kwenye sahani yangu?"

"Na hili langu?"

Mama akaingia na chungu cha ndizi. Akakitua, akaona sahani yake. "Haya. Na mimi nimekosewa na nani?"

Wote wakanigeukia. Elisante akafunika uso kwa mikono miwili. (Mume huyo. Wa kunitetea.)

Mama ndiye aliyenielewesha, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. Mmea ule unaitwa isale. Huku, mtu akikukosea akaja na jani la isale, amekuomba msamaha, na wewe huwezi kukataa. Likiwa na fundo ndiyo kabisa. Sasa mimi nimeweka matano. Yaani kwenye ile meza kila mtu alikuwa amemwomba radhi kila mtu, na hakuna aliyejua kosa!

"Sikujua mama," nikasema. "Nilidhani ni ya bustani."

"Bustani ipi?" akauliza baba. "Sisi hatuna bustani. Umeyakata wapi?"

"Kule nyuma ya migomba. Yalikuwa yamekaa kwa mstari."

Sijawahi kuona wazee wawili wakinyanyuka kwa kasi ile.

Tukaenda wote. Ndipo nikaambiwa jambo la pili. Masale hayo hayo ndiyo pia alama ya mpaka. Ule mstari ndio uliotenganisha mashamba yao, ndio waliougombania miaka sita, na vile vidogo vitatu vilipandwa na wazee wa ukoo mwaka huu baada ya vikao chungu nzima! Nami nilikuwa nimevipigia mafundo.

"Haya, onyesha," akasema baba. "Vile vitatu vilikuwa wapi?"

Nikatazama. Udongo laini, umesawazishwa vizuri na mtu msafi.

"Hapa," nikasema. Kisha, "Au hapa." Nikasogea hatua mbili. "Labda pale, karibu na ule mgomba."

"Mgomba upi?"

"Ule... yote inafanana."

Nikataka ardhi inimeze, lakini hata hiyo ardhi sikujua ni ya nani.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. Mabega yakamtikisika, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka! Akacheka hadi akamshika baba begani asianguke, na baba naye akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo umenisamehe au hujanisamehe?" baba akamuuliza.

"Jani nimeshalipokea mbele ya watu. Nitalirudishaje? Na wewe hivyo hivyo."

Wakati naandika, wamelichukua jagi langu na wako mpakani wanachomeka mashina upya. Wanabishana kweli kweli, kwamba sogeza huku, rudisha kule. Ila wanabishana uso kwa uso, bila mtu wa tatu, na Elisante anasema hajawahi kuona kitu hicho tangu akiwa chuo. Mama kaja mara mbili kuwaambia ndizi zinapoa. Hawamsikii.

Sasa wameanza kuniita. Eti niende nikasimame pale nilipong'oa, ndio wapimie hapo. Wapendwa, nakwenda kuwa mpaka. Atakayecheka namtoa kwenye group.