Pampu Niliyoleta Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Gari limechemka. Na si popote, ni mbele ya geti la wifi yangu Kosara! Mji mzima una mageti, lenyewe likachagua hilo. Mvuke juu kama birika. Kosara akatoka na kikombe chake cha kahawa, hana haraka, akatazama kama aliyealikwa harusini. Eti, wifi, si uliache nalo lipumzike kama mwenyewe?

Mwenyewe ni Milisav, mume wangu, kaka yake huyo huyo. Jumamosi anatimiza mwaka kaburini. Nikamwambia Kosara afunge geti, na mdomo pia.

Niandike hapa nisije nikasahau, kichwa changu siku hizi ni chujio. Milisav kitandani alinishika mkono akasema: Persida, siku ya mwaka wangu usinijie na gari la watu, njoo na letu. Nikaapa. Miaka thelathini na minne alilitengeneza mwenyewe, hakuna fundi aliyelitia mkono. Ndani bado linanuka tumbaku yake. Makaburi yako kijijini kwao, juu mlimani, na basi la kwenda huko waliliondoa tangu wakati wa theluji. Kosara ameshasema mara tatu kwamba mwanawe Ognjen atanipakia. Mara ya tatu kasema dukani, mbele ya watu. Afadhali nitambae.

Majirani wakalisukuma hadi kwa fundi Tihomir. Akafungua boneti, akachungulia, akasema pampu ya maji imekufa, ataagiza mpya. Akataja bei. Nikakaa juu ya tairi.

Nilipopata pumzi nikasema pampu nitaleta yangu. Hata hakunitazama, alinyoosha kidole ukutani tu. SPEA YA MTEJA HAIFUNGWI HAPA. Herufi kubwa hizo, mimi wa darasa la nne nilizisoma bila miwani.

Na suruali yake ya kwanza ya shule nilimshonea mimi!

Jumanne, 4 Juni

Soko la mitumba. Mwishoni kabisa, karibu na choo, kuna mtu hutandaza blanketi. Ana bawaba, sufuria, kengele za ng'ombe, meno ya bandia. Nikaulizia pampu. Anayo! Ya gari kama letu! Robo ya bei ya Tihomir. Akaniapia kwa macho ya watoto wake. Nikamwuliza anao wangapi, akafikiri kwanza. Nikanunua.

Si hilo tu. Ana binamu mwenye nguruwe wa karamu ya Jumamosi, nusu ya bei ya buchani, ataletwa Ijumaa ameshachinjwa na kunyolewa. Siku njema hii, nikajisemea. Kumbe ilikuwa saa nne tu asubuhi.

Nikaenda gereji, pampu ndani ya aproni. Wale wanaume watatu walikuwepo, wale ambao magari yao ni mazima na bado wanashinda pale. Tihomir akakataa tena. Nikaweka mikono kiunoni. Nikamwuliza: na Zagorka mwokaji je? Kila sikukuu mji mzima unapanga foleni kwake na masinia, nguruwe wetu, kabichi yetu, maharage yetu, yeye anatoa moto tu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Nani amewahi kumsikia akisema nyama ya mteja haiokwi hapa? Wanaume wakacheka, mmoja akajipiga paja. Nikajua nimempata.

Tihomir akafuta mikono taratibu. "Na nguruwe akiwa mbovu, Bibi Persida, watu watamsema nani?"

Nikasema mwenye nguruwe, nani mwingine, watu wana akili zao. Akasema hao wenye akili hajawahi kuwaona, labda wanapita barabara nyingine. Wanaokuja kwake gari likivuja wanasema Tihomir kafunga ovyo. Hakuna anayesema, spea niliiokota kwenye blanketi karibu na choo.

Amejuaje habari za choo?

Jumatano, 5 Juni

Akili imekuja wakati namenya viazi. Nimemwendea Tihomir kwa sauti ya mgonjwa, nikamwambia ameshinda, aagize ya kwake. Ila agizo nitalipeleka dukani na kulipa mwenyewe, wastaafu tunapunguziwa. Hakuna kitu kama hicho. Uongo wenyewe ulitoka laini hadi nikajishangaa. Akanipa kiti na kahawa. Nilikunywa nikijionea huruma.

Sasa, spea zote za Tihomir huletwa na Ognjen, mwana wa Kosara, maana ni dereva wa duka la spea. Ognjen anapenda pilipili hoho zangu za kusaga kuliko anavyompenda mama yake. Chupa mbili. Akanipa boksi tupu la pampu kutoka kwenye takataka za dukani na akaapa kufunga mdomo.

Pampu ilikuwa na kutu. Nikaisugua kwa siki na majivu, kutu ikatoka, chini yake kukawa na kutu nyingine. Nikakumbuka kopo la rangi ya fedha, lililobaki nilipopaka uzio wa kaburi la Milisav. Nikaipaka mara mbili. Jamani, iling'aa! Ningeweza kuivaa kanisani.

Alhamisi, 6 Juni

Ognjen ameleta "mzigo". Tihomir akaitoa boksini, akaigeuza, akainusa. Eti spea za siku hizi zinanuka rangi. Nikasema ndiyo upya wenyewe huo. Akaifunga. Gari likawaka, likanguruma pale kwa nusu saa, halikutoa hata tone.

Halafu akafanya jambo baya. Akachukua karatasi, akaandika kwamba kazi hii anaisimamia yeye, ikiharibika ndani ya mwaka niirudishe kwake. Akagonga muhuri. Akasema, "Bibi, sasa nenda kwa mzee Milisav bila wasiwasi. Yeye ndiye alinifundisha kushika spana."

Nikahisi kitu kinanichoma, kama kijiwe kwenye kiatu. Nikavua kiatu. Hamkuwa na kijiwe. Nikavaa nikaenda zangu.

Ijumaa, 7 Juni

Nguruwe kafika. Nilitarajia mtoto wa nguruwe. Huyu ana mabega. Binamu wa mwenye blanketi akamtupa mezani akaondoka kabla sijauliza kitu.

Nikampeleka kwa Zagorka kwa toroli. Zagorka akamfunua, akamtazama kule nyuma, akauliza kama alihasiwa. Nikasema nitajuaje, nimwulize sasa hivi? Akasema dume lisilohasiwa likipata moto linatoa harufu ya mkojo, na tanuri lake ni moja, kesho alfajiri ndimo inamookwa mikate ya mji mzima. Niseme kweli.

Nikaapa kwa macho ya wajukuu zangu. Ninao wawili, wako Austria, wana macho mazuri sana.

Akasema haya, kwa sababu ni Milisav.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Harufu ilinipokea kwenye kona, kabla hata sijaliona duka. Foleni ya mikate ilikuwa barabarani, watu wameziba pua kwa mitandio. Mmoja alisema Zagorka ameoka paka. Mwingine akasema amekuwa mchafu tangu mumewe amkimbie. Zagorka alikuwa amesimama mlangoni, uso mwekundu, akanitazama mimi tu. Nikachukua sinia, nikalifunika kwa mataulo mawili, nikasema asante na nikatembea haraka kuliko miguu yangu inavyoruhusu.

Nikapakia. Ngano ya marehemu niliyoichemsha na kuipamba kwa sukari na karanga, mishumaa, chupa ya pombe ya plamu aliyoipika mwenyewe mwaka wa mwisho, na huyo mnyama. Madirisha yote wazi. Tumbaku ya Milisav haikusikika tena. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kona ya kwanza, salama. Ya pili, salama, nikaanza hata kuimba. Ya tatu, birika.

Nikashuka. Maji yalitiririka barabarani, yana rangi ya fedha, mazuri kuyatazama. Nikakaa kwenye jiwe. Gari la Ognjen likapanda, Kosara amekaa mbele na skafu yake nyeusi mpya. Likasimama. Kosara hakusema neno. Afadhali angesema! Alifungua tu mlango wa nyuma na kusogeza mkoba wake.

Nikawapa sinia la nyama. Mimi sikupanda. Niliapa, nikasema. Nikabeba ngano kifuani na kupanda kwa miguu, miaka sabini na minne yote hii, na goti la kushoto ambalo halina shukrani.

Nilipofika padri alikuwa anakunja vazi lake. Alikuwa na harusi mahali pengine, asingeweza kungoja. Kaisoma sala yote bila mimi. Mshumaa aliuwasha Kosara. Ulikuwa umeshafika nusu.

Wageni walikuwa mezani kando ya kaburi, wanatema kwenye vitambaa. Wakaulizana nyama hii ameoka nani. Zagorka! Zagorka, nani mwingine! Zagorka siku hizi hovyo! Wote walinigeukia. Nikafungua mdomo. Nilikusudia kusema, naapa nilikusudia. Kilichotoka ni: "Ah, Zagorka, Zagorka." Na nikatikisa kichwa.

Hapo nikamwona Tihomir mbele ya macho yangu akifuta mikono taratibu. Nikamfukuza.

Walipoondoka nikabaki na Milisav. Nikamwambia yote, habari za pampu na za nguruwe. Nikamwambia nimekuja kwa miguu yangu, si kwa gari la watu, asinihesabie vibaya. Nikampa ngano yake na kumwagia kidogo ile pombe. Uzio wake unang'aa. Pale angalau rangi imeshika.

Jumatatu, 10 Juni

Gari limevutwa hadi gereji. Nikaweka karatasi yenye muhuri mezani kwa Tihomir kabla hata ya salamu. Nikasema kwa sauti, wale watatu wasikie, kwamba amefunga ovyo na ameniharibia siku ya mume wangu.

Akaitoa pampu, akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai. Wale watatu wakasogea kutazama.

"Bibi," akasema, "mimi pia nilipaka uzio wa kaburi la baba yangu. Rangi hii naijua."

Alikunja karatasi na kunirudishia. Hakupiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akasema atafunga pampu nzuri, kazi yake bure, kwa ajili ya Milisav. Sharti moja: niende kwa Zagorka nikakiri, kisha niuambie mji nguruwe alikuwa wa nani.

Nikaenda. Niandike hivyo, nilienda! Mlangoni pana kibao kipya: VYA WATEJA HAVIOKWI HAPA. Mwandiko wa Tihomir, ningeujua popote. Ndani, Zagorka alikuwa amejikunja, nusu yake imo tanurini, anasugua. Siku ya tatu anasugua, na mikate bado inanuka, na watu wananunua mji wa jirani. Akatoa kichwa. Macho mekundu. Akangoja niseme.

Nikamwambia ajaribu siki na majivu.

Jumanne, 11 Juni

Mji umewaka. Watu wanalia watapeleka wapi nguruwe wao sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ikifika. Mimi ndiye niliyekasirika kuliko wote, na nimesema hivyo dukani. Mama yake na bibi yake walituokea miaka yote, leo huyu anajifanya malkia! Kosara alikuwepo. Alinitazama hadi nikasahau nilichofuata, nikarudi nyumbani na viberiti ambavyo tayari ninavyo.

Jumamosi ya wafu, watu wote wanapoenda makaburini, ni tarehe 22. Siku kumi na moja. Milisav atanipa nafasi ya pili, alikuwa mtu wa subira, aliishi nami. Tihomir anasema sharti lake halijabadilika. Mimi sipewi masharti na mtu niliyemshonea suruali.

Nimeenda sokoni kumtukana yule wa blanketi. Nilimtukana vizuri, hadi muuzaji wa pembeni yake akapiga makofi. Yeye akainamisha kichwa. Akasema kosa ni lake, alinipa pampu ya gari la mwaka mwingine, na ya mwaka wa gari langu hii hapa, alikuwa ameniwekea. Mtu mwenye aibu usoni namna ile hawezi kudanganya. Nimeichukua. Kopo la rangi bado lina robo.

Na habari ya tanuri nimeimaliza pia. Nitajenga langu, uani, chini ya mzabibu. Mji mzima utakuja kwangu na masinia, na Kosara atapanga foleni. Mwashi anakuja Alhamisi. Aliniuliza aagize matofali mangapi. Nikamwambia asijisumbue. Binamu wa mwenye blanketi anayo, yamepasuka kidogo tu.

Nitaleta mwenyewe.