Jua la Picha ya Jairus

Jumatatu, 5 Machi 1951
Jioni kwa Agneta, hapa Bungoma. Mumewe Jairus alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Miaka mitatu, hakuna barua. Ilikuja picha tu, aliyoichora mwenyewe kwa rangi za maji: pwani. Agneta anasema anamngoja. Nami namngoja Agneta, ila hajui. Lazima aamini kwamba Jairus amekufa. Nimeazima picha.

Jumanne, 6 Machi
Nimeichunguza. Theluthi mbili ni anga. Njia ya mchanga yatoka pembe ya chini kushoto, yapanda hadi majini. Mtu mmoja, mdogo, ametupa mgongo. Jua limegusa maji. Wekundu wake wakatika kabla ya kumfikia. Kisumu niliona jua likizama ziwani vivyo hivyo. Basi ni jioni. Kwaheri kamili!

Alhamisi, 8 Machi
Nimewaeleza Agneta na baba mkwe wake, Mzee Wekoye. Jua la mwisho, njia isiyorudi, mnazi umeinama kama mfiwa. Mzee akauliza kama kweli picha husema hivyo. Nikamjibu kwamba sisi makarani tuliosoma huona. Agneta alilia bila sauti. Mzee akaamua: aliyepotelea mbali huzikwa kwa mgomba badala ya maiti, roho isitangetange. Jumamosi. Nimenunua shati.

Jumamosi, 10 Machi
Mgomba umezikwa. Agneta amenyolewa. Mathenge, mnunuzi wa mahindi, alikuja kutoka Kitale na gunia la unga. Wakati wa vita alikuwa askari Mombasa. Akaitazama picha, niliyokwisha kuirudisha ukutani kwa Agneta.

“Si huko jua hutoka majini, bana? Hii ni asubuhi. Huyu anaenda kazini.”

Agneta akanigeukia.

“Karani, umenifanya nimzike mume wangu akiwa hai.”

Nikamkumbusha kwamba hata uhai wake hatuna hakika nao. Haikusaidia. Mzee Wekoye akasema, akitazama chini, kwamba aliyezikwa kwa mgomba haingii tena boma la babake. Hata akirudi.

Jumatatu, 12 Machi
Agneta ameuza mbuzi wake, amepanda treni kumtafuta, kichwa kipara. Mzee haitikii salamu yangu. Picha nimeikuta imetundikwa mlangoni pangu. Nimeitazama upya. Asubuhi, nakubali. Lakini juu kulia kuna wingu zito, sikuliona. Na mtu yule hana koti. Mvua, baridi, kifua, kifo.

Agneta akirudi nitamweleza taratibu.